Kitanda cha Kumi na Nne Kilipumzika Vizuri

Mume wangu Hitimana hakuwa mtu wa kulala. Kule kwetu, mji wa Kiwanja, alikuwa seremala, na majirani waliamshwa na randa yake kabla ya kengele ya kanisa. Nalisema hili kwanza kwa sababu kuna ripoti imeandikwa, ikapanda ndege mpaka Ulaya, inayosema kwamba kwa siku mbili fulani alipumzika vizuri kuliko wagonjwa wote wa chumba chetu. Mimi ni Mukamugema, mke wake. Nitaeleza alivyopumzika.

Vita vilitutoa Kiwanja mara mbili. Mara ya kwanza tulirudi baada ya wiki tatu, tukakuta milango imeng'olewa lakini nyumba imesimama. Mara ya pili hatukurudi. Tulitembea na umati wa watu wa Rutshuru mpaka Munigi, tukapewa shitingi moja, turubai la msaada, tukaifunga juu ya vijiti kwenye yale mawe meusi ya volkano yanayotoboa hata kiatu. Hitimana aliokota mbao za masanduku akatengeneza vitanda, chetu kwanza, kisha vya majirani. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi ile bomu lilipoanguka karibu na bomba la maji. Kipande cha chuma kilimwingia mgongoni, chini ya mbavu. Alianguka kifudifudi juu ya ubao aliokuwa akiupigilia misumari, na tangu saa ile hakuisikia tena miguu yake.

Hospitalini, Goma mjini, Dokta Cirimwami alimpasua akatoa chuma. Siku ya tatu aliniita pembeni.

"Mama, bwana yako ataishi. Lakini mufupa wa mugongo umekatika. Kuanzia kiuno kushuka, hasikii kitu. Unaelewa maana yake?"

"Hatatembea."

"Hiyo ni moja. Ya pili ndiyo inaua batu." Alikunja kiganja, akakibana ukutani mpaka vidole vikawa vyeupe. "Wewe ukilala vibaya, mwili unakuambia, unajigeuza hata ukiwa usingizini. Yeye mwili wake haumuambii tena. Nyama ikibanwa kati ya mufupa na godoro, damu haipiti. Inakufa. Hiyo kidonda tunaita eskari. Kila saa mbili umugeuze. Kila saa mbili, mama, mchana na usiku."

Basi nilimgeuza. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Nilijifunza kuweka mto kati ya magoti, kutazama visigino, kukung'uta shuka ili hata chembe ya mkate isibaki. Tulikuwa wanawake wengi katika chumba kile, wake na mama na dada, garde-malade, yaani ndugu wauguzaji, wa vitanda thelathini na viwili, na kila mmoja alijua saa ya mwenzake. Nikienda kupika, jirani ananigeuzia wangu. Wiki saba zilipita. Ngozi ya Hitimana ilikuwa safi kama ya mtoto. Dokta alimwonyesha kwa wanafunzi wake akasema, "Tazameni kazi ya mama huyu."

Wiki ya nane yakaja matandiko.

Sitasema uongo, mwanzoni nilifurahi. Shirika moja la ng'ambo lilileta matandiko membamba meusi ya kuweka chini ya shuka. Aliyeyaleta ni injinia wa shirika hilo, kijana wa shati lililonyooshwa, Monsieur Achille. Alitueleza kwamba ndani ya tandiko kuna mamia ya vitu vidogo vinavyosikia uzito wa mwili, na kwamba kwenye meza ya muganga, ndiye muuguzi wa zamu, kuna kioo kinachoonyesha kila kitanda. Uzito ukiwa mdogo, rangi ni ya buluu. Ukizidi, njano. Ukikaa mahali pamoja muda mrefu, nyekundu, na mashine inalia mpaka mtu aje kumgeuza mgonjwa. Alimwonyesha Hitimana umbo lake mwenyewe kwenye kioo: mabega mawili, kiuno, visigino.

"Kumbe hapa ninagusa kitanda," Hitimana alisema, akashika kiuno chake asichokisikia. Alikicheka kile kioo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Munigi.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Kwanza waganga wa chumba chetu walikuwa wanne, wakabaki wawili, Kasereka na mwenzake mmoja, wakipokezana mchana na usiku. Tuliambiwa mtu mmoja anatosha kuangalia vitanda vyote, maana mashine iko inaona. Kisha karatasi ikabandikwa ukutani kwa Kifaransa. Kasereka alinisomea, naye aliisoma kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga: mgonjwa asigeuzwe mpaka mashine iite, kwa sababu kumgeuza ovyo kunaharibu vipimo.

"Ovyo?" niliuliza. "Mimi namugeuza ovyo?"

"Mama, sikuiandika mimi."

Nilimfuata Monsieur Achille kwenye baraza. Nilimwambia dokta alisema saa mbili, si mpaka mashine iite. Alinijibu kwa upole, ule upole wa kumwelekeza mtu njia ya kutokea.

"Mama, wewe unachoka, unasahau. Mashine haichoki."

Wiki saba sikusahau hata mara moja. Lakini yeye alikuwa na kioo, na mimi nilikuwa na kitenge kilichoungua na mkaa.

Ijumaa mchana wakatutoa. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumamosi kuona matandiko, na hawakutaka wakute chumba kimejaa wanawake, masufuria na nguo zilizoanikwa madirishani. Tuliambiwa turudi Jumatatu. Wengine walilia, wengine walitukana. Mimi nilimgeuza Hitimana ubavu wa kushoto, nikamwekea mto wake.

"Enda tu," aliniambia. "Mashine italia. Kasereka iko."

Alikuwa ameanza homa kidogo siku ile, wamempa dawa ya kumtuliza. Nilimwacha macho yakijifumba.

Mambo yaliyofuata nimeyajua baadaye kwa Kasereka, na ninayaamini kwa sababu hakuyapamba, hata mahali yanapomshtaki yeye.

Usiku wa Ijumaa mashine ililia kama ilivyoahidiwa, na kila ilipolia wagonjwa waligeuzwa. Jumamosi saa nne asubuhi wageni waliingia, wazungu watano na wakubwa wa mjini, wakasimama katikati ya chumba kusikiliza hotuba. Muda mfupi kabla yake Hitimana alikuwa amelazwa chali, mikono juu ya shuka, ili aonekane vizuri kwenye picha. Hotuba ilipoanza, mashine ikalia. Kitanda cha tisa. Kasereka akaenda kumgeuza yule mtu. Hotuba ikaendelea, mashine ikalia tena, kitanda cha ishirini. Mzungu mmoja akaweka kidole sikioni. Monsieur Achille akaenda mezani, akaandika namba yake ya siri, akazima sauti.

Akasahau kuiwasha.

Yeye, mtu wa mashine isiyochoka.

Mchana huo mabomu yalianguka upande wa Sake, na majeruhi wakaletwa kwa pikipiki na kwa malori. Kasereka aliitwa kwenda kusaidia kule chini wanakopokelewa. Kila aliporudi chumbani alikuta kimya, na kwa karatasi ile ya ukutani, kimya maana yake ni kwamba hakuna wa kugeuzwa. Kioo hakukitazama. Mwenzake wa usiku vilevile. Jumapili vilevile.

Na sisi? Jumapili baada ya misa nilikuja getini na chakula, fufu na vidagaa vya sambaza. Mulinzi alichukua kisahani akakataa kunipitisha. Nilirudi saa tisa, akakataa. Saa kumi na moja jioni nilirudi tena, nikamwambia, "Papa, nipige kama unataka kunipiga, lakini ninaingia." Akageuza uso upande mwingine. Niliingia.

Hitimana alikuwa chali. Mikono juu ya shuka, vilevile walivyompanga kwa picha. Midomo imepasuka.

"Wamekugeuza saa ngapi?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Sijui. Mashine haijalia."

"Haijalia tangu lini?"

"Tangu bageni. Nikafikiri imeona niko sawa. Waliniambia nisisumbue."

Niliingiza mkono chini yake, na shuka lilikuwa limelowa. Nilimgeuza peke yangu, sijui kwa nguvu gani. Pale chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, ngozi ilikuwa ya zambarau, pana kama sahani, na katikati imechubuka inatoa maji. Wiki saba. Niliita mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaamka. Hitimana aliniuliza, "Kuna nini? Mbona unalia? Siumwi kitu."

Kasereka alikuja mbio, damu ya watu wengine ingali kwenye koti lake. Alitazama, akashika kichwa. Kisha tulizunguka vitanda vyote, mimi na yeye. Wengi walikuwa wanaweza kujigeuza wenyewe. Watatu hawakuweza: Hitimana, kijana mmoja wa Kitshanga, na muzee Habarurema wa Masisi, aliyevunjika nyonga. Kijana alikuwa na alama nyekundu kisigino. Muzee Habarurema alikuwa na shimo.

"Na mashine?" nilimuuliza Kasereka. "Mashine iko inaona. Iliona nini?"

Alikaa mezani, akafungua kioo. Kitanda cha kumi na nne. Umbo la mume wangu lilikuwa pale, la buluu na njano, na kiunoni doa jekundu kama kaa la moto. Chini yake palikuwa na maandishi ya saa. Kasereka alihesabu kwa kidole.

"Saa makumi tatu na moja," alisema. "Iliandika kila dakika."

Basi iliona. Kwa muda wote ule, iliona na ikaandika, na hapakuwa na mutu mmoja wa kuambiwa.

Jumatatu Dokta Cirimwami alikata nyama iliyokufa. Hakuniangalia usoni. Wanawake walirudi, na hakuna aliyetuzuia, lakini karatasi ilibaki ukutani. Jumanne wageni walikuwa na mkutano wa mwisho katika ukumbi wa hospitali kabla ya kupanda ndege. Kasereka alinijia asubuhi.

"Watasoma matokeo," alisema. "Mimi nitaingia. Wewe ukitaka kuingia nyuma yangu, sitageuka kuona nani ananifuata."

Nilijifunga kitenge safi nikaingia, nikakaa kiti cha mwisho. Monsieur Achille alisimama mbele na picha zinamulika ukutani. Alisema kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa changu ni cha darasa la sita, lakini kinatosha. Alisema mashine haipimi hatari tu, inapima pia mapumziko: mtu asiyetikisika, usingizi wake ni mtulivu. Akaonyesha orodha. Juu kabisa palikuwa na namba kumi na nne.

"Chukueni kitanda katorze," alisema. "Saa thelathini na moja bila usumbufu. *Repos excellent.*" Mapumziko bora kabisa.

Watu wakapiga makofi.

Sijui kama mnaelewa. Walipiga makofi. Mimi nilisimama, na kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mutu wa kitanda katorze anaitwa Hitimana Jean-Bosco," nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu hasira yangu haina Kifaransa. "Hakupumzika. Mulimuacha. Alioza mukiwa munapiga picha."

"Mama, maswali yatakuja mwishoni," alisema Achille.

"Mimi siulizi swali."

Mlinzi wa ukumbi alikuja kunishika mkono. Mzungu mmoja mwanamke, mwenye nywele za mvi, akauliza ninasema nini. Achille akaanza kutafsiri: mama huyu amechoka, ana mgonjwa. Ndipo Dokta Cirimwami, aliyekuwa amekaa mbele na kichwa chini, alisimama.

"Hapana," alisema. "Nitatafsiri mimi." Akatafsiri neno kwa neno, hata lile la kuoza.

Mwanamke yule alivaa miwani yake. "Tunaweza kumwona?"

Niliwatangulia. Mlangoni niliwasimamisha, nikaenda peke yangu mpaka kitandani, kwa sababu Hitimana ni mtu ambaye hata shati hajawahi kulivua mbele ya wakwe zake. Niliinama nikamwambia ni nani wamekuja na wanataka nini. Alikuwa amekonda uso katika siku mbili.

"Bafunulie," alisema. "Lakini yule Achille asimame mbele."

Nilifunua shuka na bandeji. Sitaeleza nilichofunua. Mzungu mmoja alitoka nje. Achille alisimama mbele, kama alivyoombwa, na jasho likimtoka kwenye shati lile zuri.

"Ni kosa dogo la mipangilio," alisema. "Sauti…"

"Sauti ilizimwa kwa namba yako ya siri," Kasereka alisema. "Jumamosi, saa ine na dakika kumi na mbili. Mashine imeandika. Na mimi sikutazama kioo. Muandike hilo pia. Jina langu ni Kasereka, muandike."

Mwanamke wa mvi alianza kulia. Sikutaka machozi yake, nilikuwa na yangu. Dokta Cirimwami alienda ukutani akaibandua ile karatasi.

"Mimi nilisaini kupunguza waganga," alisema, sijui alikuwa anamwambia nani. "Niliambiwa ndilo sharti, nikasaini." Kisha akageuka kwetu. "Kuanzia leo hakuna garde-malade anayetolewa humu. Na hiyo sauti, atakayeizima atajibu kwangu."

Hitimana alikuwa bado amegeuzwa uso ukutani. "Nifunike sasa," aliniambia.

Tandiko lenyewe silichukii. Baadaye, sauti ikiwa imewashwa na mikono yetu ikiwa pale, lilitusaidia. Lilinionyesha kwamba nyonga yake ya kulia inabeba mzigo kuliko ya kushoto, jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Kasereka alinifundisha kusoma rangi, na mimi nikawafundisha wengine. Kitu kile kilihitaji mtu pembeni yake, na wao walikileta ili mtu aondolewe.

Kidonda cha Hitimana kilichukua miezi mitano. Homa ilimrudia mara mbili, mara ya pili nikaita padri. Muzee Habarurema hakumaliza mwezi. Uchafu wa kidonda uliingia kwenye damu, akafa siku ya soko, na binti yake Uwimbabazi ndiye aliyemwosha. Kwenye cheti waliandika kwamba alikufa kwa kuvunjika nyonga. Monsieur Achille alihamishiwa mji mwingine, nasikia kwa cheo cha juu. Kasereka naye alihamishwa, akapelekwa kwenye kituo kidogo cha afya huko Munigi. Aliniambia hajuti. Lakini hospitali kubwa ndiyo iliyokuwa ndoto yake, na mimi najua hivyo.

Sasa tunaishi Mabanga, kwa binamu yangu. Kambi zilivunjwa mji ulipotekwa na kubadilisha wakubwa, na Kiwanja nyumba yetu ina watu wengine ndani. Hitimana ana kiti cha magurudumu. Anatengeneza viti vidogo vya jikoni na miiko ya ugali, kazi ya mikono tu, na anauza mlangoni.

Ni yeye aliyesema tuliandikie shirika lile. Sikutegemea hilo kwake. Jioni moja aliweka patasi chini akasema, "Ile ripoti yao bado inasema nililala vizuri." Kasereka alikuja Jumapili akatuandikia kwa Kifaransa, Hitimana akitamka polepole. Hatukuomba kitu cha kupewa. Tuliomba ripoti irekebishwe: maneno *repos excellent* yafutwe kwenye kitanda cha kumi na nne, na yaandikwe yaliyotokea. Na jina la Habarurema liandikwe, na kilichomuua.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari mitatu: ripoti imekwisha kufungwa, haiwezi kubadilishwa, na wanatutakia afya njema.

Afya njema!

Ya tatu nimeipeleka Jumatatu. Mulinzi wa ofisi yao aliniambia niiache tu hapo mlangoni, wakubwa wako kwenye mkutano. Nilikataa. Nilikaa kwenye ngazi, watu wakiniruka kuingia na kutoka, mpaka saa saba, mpaka msichana mmoja wa ofisi akatoka na muhuri akaugonga kwenye nakala yangu, tarehe na saa. Hitimana alitaka kuishika mwenyewe. Aliisoma yote, akaniuliza ya nne tutaanza kuiandika lini.